Jua la Katwe na Kuni za Kasenyi: Historia ya Nishati katika Nyumba Moja

Watu wanapozungumzia nyumba inayojitegemea kwa nishati, huanza na paneli ya sola juu ya bati. Mimi naona wanaanza mwishoni. Nyumba ya ukoo wetu huko Kasenyi, ufuoni mwa Ziwa George, wilayani Kasese, ilijitegemea kwa nishati wakati Uganda haijawa na bwawa hata moja la umeme. Uwezo huo uliondoka baadaye, kidogo kwa sheria na kidogo kwa bei, na sasa tunajaribu kuurudisha kipande kwa kipande. Katika insha hii nitaifuata nyumba hiyo moja tu. Ushahidi wangu ni maelezo ya bibi yangu, ya baba na ya shangazi, daftari za matumizi ambazo baba amezitunza tangu miaka ya 1990, na yale yanayojulikana kuhusu historia ya wilaya yetu. Wenzangu wa darasani waliniuliza kama nyumba moja inatosha kubeba historia. Nadhani inatosha, kwa sababu kila uamuzi mkubwa uliofanywa Entebbe, Kampala au London kuhusu umeme, mafuta na misitu uliishia jikoni kwa mtu fulani.

Nianze na jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuliona mapema. Neno umeme lilikuwa la radi kabla ya kuwa la waya. Mababu walipouita ule mwanga wa mawinguni umeme, hawakuwa na wazo la kuulipia. Wakenya wengi husema stima, neno lililotokana na mvuke wa mitambo na meli. Huku kwetu, kwa miaka 20 hivi, Umeme lilikuwa pia jina la kampuni iliyosambaza umeme tangu 2005 hadi Machi 2025, hata mtu akisema "Umeme wamenikatia," hujui kama anailaumu kampuni au anailaumu radi.

Sasa twende kwenye jua. Ukitoka Kasenyi kuelekea kusini-magharibi, ukivuka barabara kuu ya Mbarara na Kasese, unafika Katwe, penye ziwa dogo la chumvi ndani ya kreta. Huko watu wamekuwa wakivuna chumvi kwa karne nyingi. Wanagawa ukingo wa ziwa kuwa vidimbwi, wanaacha maji yakauke kwa jua, kisha wanakusanya chumvi inayobaki. Chumvi hiyo iligombaniwa na wafalme wa Bunyoro na Toro, na Kapteni Lugard alipopita mwaka 1891 alijenga ngome hapo, jambo ambalo hangelifanya kwa ajili ya kreta tupu. Ninaposoma historia hiyo, ninachoona ni kiwanda kinachoendeshwa kwa nishati ya jua. Hakuna kuni wala mafuta yanayochomwa ili kuyakausha maji yale.

Na Kasenyi ilikuwa mteja wa kiwanda hicho. Babu wa baba yangu alikuwa mvuvi wa ngege. Samaki aliyebaki baada ya kuliwa na kuuzwa akiwa mbichi alipasuliwa, akapakwa chumvi ya Katwe, akaanikwa. Samaki wa namna hiyo alivuka mpaka kwenda Kongo kupitia njia za Bwera na Mpondwe bila kuoza, safari ya siku kadhaa, na nishati yote iliyotumika kumhifadhi ilikuwa jua. Kulikuwa pia na samaki wa kukaushwa kwa moshi, na hapo ndipo kuni zilipoingia. Lakini kuni wakati huo zilikuwa suala la miguu na mikono tu. Bibi anasema mama mkwe wake alimsimulia kwamba mti mkavu ulikuwa wa aliyeuona kwanza.

Hali hiyo haikudumu, na sababu zake hazikuanzia kijijini. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulisababisha serikali ya kikoloni kuhamisha watu wengi waliokaa karibu na Ziwa George na Ziwa Edward. Ardhi ikabaki na wanyama na mbung'o. Kisha mwaka 1952 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. Vijiji vya uvuvi kama Kasenyi, Hamukungu na Katwe viliachwa mahali pake, lakini nchi iliyovizunguka ikawa ya wanyama. Kulima kukakatazwa. Kuni zikawa jambo la ruhusa. Mti mkavu ukapata mwenyewe mpya, naye hakuwa aliyeuona kwanza.

Miaka miwili baadaye, mwezi Aprili 1954, Malkia Elizabeth II alikuja Uganda. Tarehe 29 alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo sasa linaitwa Nalubaale. Katika ziara hiyohiyo alifika huku magharibi, na hifadhi ya Kazinga ikapewa jina lake, ambalo inalo hadi leo. Vitabu vya shule huyaweka matukio haya mawili katika sura tofauti, moja katika maendeleo ya viwanda na jingine katika utalii. Mimi nayaweka pamoja, kwa sababu kwa nyumba yetu yalikuwa na maana moja. Mwaka uleule nchi ilipopata nishati nyingi kuliko ilivyowahi kupata, sisi tulikuwa tukibaniwa ile kidogo tuliyokuwa nayo. Umeme wa Jinja ulikwenda Kampala, kwenye viwanda, na baada ya muda mfupi hata Kenya ikaanza kuununua.

Ninajua kwamba kuna watakaosema Kasese haikusahauliwa, na wana haki. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kazi mwaka 1956, reli ikafika Kasese mwaka huohuo, na mgodi ukajengewa mtambo wake wa umeme wa maji kwenye Mto Mubuku unaoteremka kutoka Ruwenzori. Umeme ulikuwepo wilayani, tena umeme wa hapahapa, wa maji yetu wenyewe. Lakini ulikuwa wa mgodi. Shaba yenyewe ilipakiwa kwenye treni, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Mto Nile, na kutoka huko ikauzwa nje. Shaba ndiyo inayotengenezwa nyaya za umeme. Siwezi kuthibitisha kwamba waya fulani wa jiji fulani ulitoka mlima wetu, ila kwa muda wa kama robo karne wilaya hii iliipa dunia nyaya huku jikoni kwa bibi kukiwa na koroboi, lile ambalo Uganda tunaliita tadooba.

Kasenyi penyewe palikuwa na kiwanda. Wazee wote wa kijiji wanalijua jina la TUFMAC, shirika la kusindika na kuuza samaki lililowekwa hapo enzi za ukoloni. Bibi aliolewa Kasenyi katika miaka ya 1960, kiwanda kikiwa kinafanya kazi. Kiwanda cha samaki hakiwezi kuendeshwa bila nguvu ya mitambo, kwa hiyo palikuwa na nishati ya kisasa umbali wa dakika chache kutoka kwenye mafiga yake. Nilimwuliza kama waliwahi kufikiria kuomba waya uvutwe hadi nyumbani.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe ukipita kwenye shamba la jirani, unaomba mvua yake?"

Sikumjibu haraka, nikamwambia tu, "Nimekuelewa, Bibi." Ukweli ni kwamba nilihitaji siku kadhaa kuelewa. Alichokuwa akisema ni kwamba umeme wa kiwanda haukuonekana kuwa kitu cha kuombwa. Ulikuwa sehemu ya hali ya hewa ya wakubwa.

Katika miaka hiyohiyo watafiti kutoka Uingereza walikuwa wakilichunguza ziwa, chini ya Mpango wa Kimataifa wa Biolojia. Waligundua jambo ambalo kwangu ni zuri sana. Ziwa George ni la kina kifupi, wastani wake hauzidi mita 3, na maji yake ni ya kijani kwa sababu ya mwani unaoota ndani yake mwaka mzima. Ngege huula mwani huo na kuumeng'enya. Yaani jua la ikweta, ambayo inapita wilayani mwetu karibu na Kikorongo, linalisha mwani, mwani unalisha ngege, ngege anatulisha sisi. Kwa upande wa chakula, tulikuwa tukiishi kwa sola tangu zamani.

TUFMAC ilianguka katika miaka ya 1970, kama vilivyoanguka viwanda vingi baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 na uchumi kuvurugika. Kilembe nako kukadidimia, na uchimbaji wa shaba ukasimama kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa historia ya nyumba yetu inaachana kidogo na historia ya taifa. Miji iliyozoea umeme ilipata shida kubwa kuliko sisi, kwani hatukuwa na taa za kuzimika. Tulichopoteza ni mafuta ya taa. Yalikuja kutoka Mombasa, na ulipofika wakati wa magendo yalikuja kwa njia ambazo bibi hapendi kuzieleza, ila anataja Bwera na anataja Kongo na anacheka. Usiku ambao hapakuwa na mafuta, watu walikula kabla ya jua kutua na kulala. Shangazi, ambaye alikuwa shule ya msingi wakati huo, anasema ndiyo sababu hakumaliza. Hilo alilisema mara moja tu na hakutaka kulirudia.

Kuhusu Katwe, kulitokea jambo moja la kuchekesha na kusikitisha. Serikali ilijenga kiwanda kikubwa cha chumvi, kwa mitambo kutoka Ujerumani, ili kuwaondolea watu kazi ya vidimbwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilijaribiwa, na chumvi ikala mabomba. Kiwanda kikafa. Magofu yake yapo mpaka sasa, na chini yake watu wanaendelea kuvuna chumvi kwa jua. Ninapowasikia wataalamu wakisema teknolojia mpya daima huondoa ya zamani, huwa nakumbuka mabomba hayo.

Kabla sijafika kwenye sola yenyewe, nataka kueleza hatua ambayo waandishi wengi huiruka. Betri ya gari ilikuja kabla ya sola. Daftari la baba la mwaka 1994 lina mstari unaojirudia: "kuchaji betri." Alinunua betri ya asidi, ya volti 12, akaitumia kwa redio na taa moja ndogo. Ilipokwisha aliifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaipeleka kwenye duka lenye jenereta barabarani, akaiacha huko siku moja, akairudisha. Betri ya aina hiyo haipendi kumalizwa kabisa. Ukiitumia hadi mwisho mara nyingi, haikai. Baba hakulijua hilo, wala mwenye jenereta hakumwambia, kwa hiyo betri ya kwanza ilikufa kabla ya mwaka na nusu. Hata hivyo nadhani betri hiyo ndiyo mapinduzi ya kweli katika nyumba yetu, kwa sababu kwa mara ya kwanza umeme ulikaa ndani ya nyumba kama mgeni anayelala, hata kama alikuwa akisafirishwa kwa baiskeli.

Sola kwa nyumba za vijijini haikuanza kwetu. Katika Afrika Mashariki ilianzia Kenya, katikati ya miaka ya 1980, pale Mmarekani Harold Burris na mwalimu Mark Hankins walipoweka umeme wa jua katika shule ya sekondari ya Karamugi huko Meru na kufundisha mafundi wa hapo. Walimu na wakulima wa kahawa na chai waliokuwa wakibeba betri kwenda mjini, kama baba alivyobeba yake, ndio walionunua mapema. Hawakusubiri serikali. Hiyo ni tofauti na hadithi tunayosimuliwa kwamba kijiji husubiri mradi. Uganda ilikuwa na mradi wake wa majaribio wa sola vijijini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na sheria ya umeme ya mwaka 1999 ikaligawa lile shirika kubwa la umeme, UEB, katika vipande vitatu. Kwetu hapakuonekana kitu kwa muda mrefu. Mwaka 1996 waasi wa ADF walikuwa wameingia kupitia Mpondwe, na kwa miaka kadhaa watu wa Bwera na milimani walikuwa wakifikiria mahali pa kulala kuliko taa ya kulalia.

Mwaka 2012 shirika la WWF na wilaya ya Kasese walianza mpango wa kuifanya Kasese wilaya ya mfano, ambapo kila mtu angepata nishati safi ifikapo mwaka 2020. Wakati huo nyumba zilizokuwa na umeme wa gridi wilayani hazikufika hata 10 kwa kila 100. Mwaka 2020 umepita, na lengo la kila mtu halikufikiwa. Lakini mpango huo uliweka mafundi na maduka karibu, na baba alinunua paneli yake ya wati 50 mwaka 2014 bila kusafiri mbali.

Kabla ya hiyo tulikuwa tumechukua taa za mkopo kutoka kampuni moja, za kulipa kidogo kidogo kwa simu. Ulipokuja mwezi ambao nyavu hazikuleta kitu, malipo yakachelewa na taa zikajifunga zenyewe. Bibi alishangaa kwamba mtu aliye mbali anaweza kuzima taa yake bila kugusa swichi. Alisema mafuta ya taa yalikuwa yakiisha, lakini hayakuwa na hasira. Paneli ya 2014 ililipwa taslimu kwa sababu hiyo.

Sasa niweke hesabu, kwa kuwa bila hesabu neno kujitegemea linabaki wimbo. Paneli ya wati 50 chini ya jua letu, ukichukua saa 5 za jua kamili kwa siku, ingetoa saa-wati 250. Toa upotevu wa joto, vumbi, waya na betri, zinabaki kama 170. Taa 4 za wati 5 kwa saa 4 ni 80. Simu tatu ni kama 30. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Jumla 140. Kwa hiyo kwa upande wa mwanga, sauti na simu, nyumba yetu inajitegemea, na siku za mawingu tunazima taa mbili.

Lakini angalia jikoni. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya karibu saa-wati 4,400. Tuseme nyumba inachoma kilo 5 kwa siku kupika maharage, ugali wa muhogo na samaki. Hizo ni saa-wati 22,000. Hata tukikubali kwamba mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa sana na chungu hupata kama sehemu moja ya kumi, bado chungu kinapokea 2,200, mara 13 ya kila kitu kinachotolewa na paneli. Sola imemaliza sehemu ndogo ya tatizo, ile inayoonekana usiku kutoka barabarani. Sehemu kubwa iko kwenye moshi, nayo ni ya wanawake. Shangazi ana kovu mguuni alilolipata akimkimbia nyati kwenye tambarare za Kasenyi, akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Watalii hulipa kuja kuona tambarare hizo kwa sababu ya kobu na simba.

Hapa Bwera inanisaidia kulinganisha. Dada yake mama ameolewa huko, kwenye mteremko wenye kahawa. Kuni zake ni matawi ya kahawa anayoyapogoa mwenyewe. Ana ng'ombe wawili, na wangeweza kulisha mtambo mdogo wa gesi ya samadi. Jiko lake ni la udongo, lenye bomba la kutoa moshi nje, la namna ile iliyoenezwa Bushenyi na mafundi waliofundishwa na Wajerumani wa GTZ katika miaka ya 2000. Linatumia kuni chache kuliko mafiga. Nyumba hiyo haina paneli kubwa kuliko yetu, ila inajitegemea kuliko sisi, na sababu ni ardhi. Sisi wa Kasenyi hatuna haki ya kupanda hata mti wa kuni. Nikitaja Azimio la Arusha la 1967 mbele ya wahadhiri wangu, wananikumbusha kwamba maendeleo yalisemwa yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Nishati haikutajwa. Labda Nyerere aliihesabu ndani ya ardhi, na kwa Bwera angekuwa sahihi.

Gridi nayo si jibu rahisi kama inavyodhaniwa. Mwaka 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, Kampala yenye nyaya zote ilikaa gizani usiku kwa zamu. Mwezi Mei 2020 mito ya Ruwenzori ilifurika, Nyamwamba ikaharibu hospitali ya Kilembe, na Mubuku, uleule wenye mitambo ya umeme, ukafurika pia. Wanaoishi mwisho wa waya huyajua mambo hayo kuliko wanaouchora. Hata hivyo baba anataka waya, na mimi, baada ya hesabu ile ya jikoni, nimeanza kukubaliana naye. Bwawa la Karuma, la megawati 600, limezinduliwa mwaka 2024, na nchi ina umeme kuliko inavyoweza kuutumia. Sufuria ya umeme ya shinikizo hupika maharage kwa saa-wati mia chache. Tukiunganishwa, paneli inaweza kubaki kwa taa na simu, na waya ukabeba chungu. Kama waya ukikatika, hatutakuwa gizani.

Bibi hakubali. Anasema maharage ya sufuria ile hayana moshi ndani yake, na samaki wake wa kukausha atampika wapi? Kwa sasa tumeelewana juu ya jiko la udongo, ambalo fundi kutoka Bwera atakuja kulijenga baada ya mvua, na udongo wake itabidi uletwe kwa gari, kwa kuwa wa hapa ni mchanga wa ziwa.